Vitambaa vya Ploti Namba Tatu

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, maana ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyokuwa ukinifanya nilipokuwa msichana. Dada yako, yaani mama yangu, hajambo, ni miguu tu inamsumbua. Mimi mpwa wako Paulina mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Nimekaa barazani kwako hapa Chiungutwa, Jumapili mchana, watu wametoka ibadani, na ninaandika nyuma ya fomu za vipimo vya miti kwa sababu ndiyo karatasi niliyozoea kuandikia maneno yako.

Nimetoboa siri yako, Mjomba. Ile ya vitambaa. Nimemwambia Mama Riita yote. Nikaona nikuandikie mwenyewe kabla hujasikia kwa hao wanaokuja huko kila wiki, maana watu wa kwetu hata wakifa hawaachi umbeya.

Kwanza nikupe habari za huku. Tangu tukuzike masika ya mwaka jana mambo yamekwenda mbio. Ile ruksa ya biashara uliyoiona ikianza kuchechemea sasa inakimbia. Korosho hatupeleki tena chama peke yake, wanunuzi wanatufuata mpaka mlangoni na mizani zao, na kila mmoja anamwita mwenzake mwizi. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa iko kila genge. Siku ya mnada Masasi mitumba imerundikwa chini, na mwalimu wa hapa kwetu amejinunulia koti la nchi za barafu, analivaa na jua hili, jasho linamtoka, hataki kulivua. Ungecheka mpaka ukohoe.

Lakini ruksa hiyohiyo imeingia na msituni. Malori yanapanda kuelekea Newala matupu, yanateremka yamebeba mininga na mipingo, magogo yamelala kama maiti wa ajali. Anayeshika kikaratasi chenye muhuri, basi mti ni wake. Juzi nilipita kwenye kisiki cha mninga kilichokatwa asubuhi ile, kinatoka ule utomvu mwekundu, nikainama nikanusa, nikageuka kukuambia. Nimegeuka kabisa, Mjomba, mdomo umeshafunguka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Hivyo ndivyo ninavyoishi sasa. Nageuka.

Unakumbuka nilivyoanza? Nilikuwa nimetoka Newala kwa mume, nimeachika, nimerudi na sanduku moja na aibu gunia zima. Mama analia, majirani wanahesabu miezi. Wewe ukaja ukasimama uani ukasema, "Huyu ana hati nzuri, namtaka." Kumbe wageni wa utafiti walikuwa wameshafika, Mama Riita na wenzake kutoka ile nchi yao ya baridi, pamoja na wataalamu wetu wa Morogoro, na walikuwa wamekuajiri uwatajie majina ya miti. Walihitaji mtu wa kuandika. Wewe ulitaja, mimi niliandika. Miaka kumi karibu, Mjomba. Sijawahi kuwa na ndoa iliyodumu hivyo.

Nilikuwa nakuona kama mganga siku zile. Unachanja gome kwa kisu, unanusa, unaonja kwa ncha ya ulimi, unatema, unataja. Yule kijana msomi wa Morogoro anafungua kitabu, anahangaika na majani nusu saa, mwishowe anakubali. Mama Riita alipokuambia kwamba kwao mtu anaweza kuijua miti yote ya msitu kwa siku moja, kwa kuwa iko aina nne au tano tu, ulimtazama kwa huruma ukasema, "Pole sana, mama." Alicheka yeye mpaka akakaa chini. Tangu siku ile mkapendana, na kila alipokwenda kwao alikuletea miwani, mara kisu, mara soksi ambazo hukuzivaa hata siku moja.

Na kile kijiti chako. Walitufundisha mti unapimwa unene usawa wa kifua, na kila mmoja alikuwa anapima kwenye kifua chake, mrefu juu, mfupi chini, vipimo vikawa vurugu. Ukakata kijiti cha mpingo cha urefu uleule wanaoutaka wao, ukawaambia, "Kuanzia leo kifua ni hiki." Ninacho. Kimekuwa cheusi kwa jasho la kiganja chako, na sikipaki mafuta wala sikioshi.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Nitalieleza tangu mwanzo, hata kama wewe unalijua, kwa sababu sasa naliona kwa jicho lingine. Tulipima ploti nyingi za msitu, lakini zilizokuwa roho ya kazi ni mbili. Ploti namba moja ilikuwa ndani ya hifadhi, hakuna kukata. Ploti namba tatu ilikuwa huku mteremkoni chini ya Chiwata, msitu wa vijiji, watu waingie kama siku zote, wakate kuni, wachome mkaa, wachukue nguzo. Wageni walitaka kujua msitu unaotumiwa unakuaje ukilinganishwa na ule uliofungwa. Ndiyo maana tuliagizwa tusimzuie mtu yeyote kuingia namba tatu. Mama Riita alilirudia hilo mpaka likatuchosha.

Pembeni mwa ploti tulifunga tepe nyekundu za nailoni ili tuzione tukirudi. Zikaibiwa. Tukafunga nyingine, zikaibiwa, wasichana wa Chiwata wote wakawa na nywele zimefungwa tepe za utafiti. Mara ya tatu ulikuja na vipande vya bafta nyeupe. Wakati ule bafta haikuwa kitu cha kuchezea, nguo zilikuwa za kutafuta kwa tochi, nikadhani Mama Riita amekupa. Ukafunga mti wa pembeni, ukafunga wa pili, wa tatu, wa nne, na cha mwisho ukakifunga kwenye ule mti wa msolo ulio katikati. Ukaniambia, "Hivi haviibiwi."

Lo! Kweli havikuibiwa. Mtu yeyote wa kwetu, awe Mmakonde, Mmakua au Myao, aende kanisani au msikitini, akiona msolo umefungwa kitambaa cheupe hahitaji kusimuliwa. Hapo ni mahali pa kutambikia. Mwezi uliofuata tulikuta unga shinani. Mara nyingine tukakuta unga na kitambaa kingine, si chako. Shoka likakoma kuingia. Pande zote nne watu walikata mpaka ukaona anga, na namba tatu ikazidi kufunga kama nywele za mtu asiyenyoa.

Nilikuuliza. Nilikuambia, "Mjomba, hii sasa si ploti ya watu kutumia, hii imekuwa hifadhi, tumwambie Mama Riita." Ukanijibu, "Wewe andika unene wa mti, usiandike unga." Nikauliza tena mwaka uliofuata, ukakasirika, ukasema, "Mimi nimefunga miti, sijafunga watu mikono." Na mimi nikanyamaza. Kila nilipojaza fomu, kwenye mstari wa matumizi ya binadamu, niliandika lile neno ulilonitajia, "kawaida." Mkono wangu ndio ulioandika, Mjomba, si wako. Hilo lilinikaa kifuani.

Nilikuwa nadhani umewacheza shere. Nasema ukweli wangu. Nilidhani ulitaka kuuokoa ule msitu, ukatumia imani ya watu wetu kama mtego, na uongo ukawapa wageni. Nilikupenda hivyohivyo. Lakini ile sehemu yako nilikuwa naizunguka, siigusi.

Ukaja ukaugua kifua. Nilikuwa nakuletea magome mfukoni ili usisahau kazi, nakuwekea puani umefumba macho, unataja. Mkarati. Mninga. "Huu msolo, umeutoa wapi, mwivi wewe?" Siku ya mwisho nilikuletea gome la mpingo. Hukulitaja. Ulilishika tu, ukanishika na mkono. Mpaka leo sijui kama hukulijua au uliona hapana haja ya kusema. Ningetoa chochote kukusikia ukilitaja, hata kwa kulikosea.

Basi, mwezi uliopita Mama Riita amerudi. Nywele zote nyeupe. Alikwenda kwanza kaburini kwako, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akasema na wewe kwa lugha yao. Kisha tukapima ploti zote upya, mimi nikitaja na kuandika mwenyewe. Alipomaliza hesabu zake alinikumbatia. Namba tatu imekua sawa na namba moja! Msitu unaotumiwa na watu unakua sawa na uliofungwa! Alisema ni jambo kubwa, atalisema kwenye mkutano mjini Masasi, na litaandikwa kwenye kitabu cha wataalamu. Akanionyesha karatasi ya mwanzo. Mjomba, jina lako lilikuwa la kwanza. Si kule chini kwenye shukrani wanakowekwa madereva na wapishi. Juu, mbele ya lake yeye, pamoja na msomi wetu wa Morogoro. Alisema bila wewe kazi hii isingekuwepo.

Nililisoma jina lako mara nyingi. Nikalia kwa furaha, halafu nikaiweka karatasi chini.

Kwa sababu nilijua nani anaisubiri ile karatasi. Wapo wafanyabiashara wa mbao wanaoutaka mteremko wote wa Chiwata, wamekwama tu kwa kuwa ofisi ya misitu imesema tusubiri utafiti. Karatasi ikisema kukata hakudhuru, siku hiyohiyo muhuri unagongwa. Na watakata wakisema Mzee mwenyewe, mjuzi wa miti, ndiye aliyethibitisha. Jina lako, Mjomba, ndilo lingekuwa shoka.

Na nikisema? Nikisema unakuwa mwongo. Miaka yako yote kumi inakuwa ya mzee wa kijijini aliyewahadaa wasomi, na mimi karani wake. Jina linafutwa. Nilikaa siku mbili siwezi kumeza kitu. Nilikukasirikia mno. Nilikwenda kaburini kukugombeza, nikakuta mbuzi wa jirani anakula majani juu yako, nikamgombeza yeye.

Siku ya tatu nikamwendea mama. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamweleza yote, kwamba kaka yake alifunga bafta kuwatisha watu, na sasa lazima nimwanike. Mama aliweka ungo chini. Aliniuliza, "Kutisha? Nani kakuambia alikuwa anatisha?"

Akanieleza. Mjomba, kwa nini nilisikie kwa mama? Masika yale, wiki chache kabla sijarudi kutoka Newala, bibi yangu, mama yenu, alikuwa amefariki. Barua iliyoniita mazishini ilinifikia nimeshachelewa. Wafiwa walifunga vipande vya bafta iliyobaki baada ya kukata sanda, kichwani na mkononi, kama ilivyo desturi. Wewe ulikuwa safarini na wageni, ulirudi ameshazikwa. Ulikuta bafta ya kwako imewekwa. Hukuifunga kichwani. Mama anasema uliikunja ukaenda nayo porini, na hukulia mbele ya mtu yeyote, ila uliporudi macho yalikuwa yamevimba. Ndiyo hiyo uliyoichana baadaye ukaifunga miti mbele yangu. Ule msolo wa katikati ndio bibi alikokuwa akikupeleka ungali mdogo, kabla padri hajakataza. Unga wa kwanza tuliokuta shinani aliuweka mama mwenyewe. Na kila msiba ulipotokea, Chiwata, Chiungutwa, mpaka wa huko juu, watu walipeleka kipande kilichobaki cha sanda. Ndiyo maana vitambaa havikuwahi kuoza vikaisha.

Kisha akaniambia, "Na cha msiba wa Mjomba wako kiko kule. Nilikifunga mimi tulipomzika, wewe ulikuwa umezimia."

Nilikaa chini palepale kwenye makapi ya mtama.

Kwa hiyo hukumdanganya mtu msituni. Ulikuwa umefiwa. Lakini kwenye fomu ulidanganya, na nilidanganya na wewe, nalisema hili kwa heshima zote. Ungeweza kusema, "Pale sasa ni mahali pa mama yangu, tafuteni ploti nyingine." Mama Riita angeelewa. Uliona haya kumwambia mzungu kwamba mzee wa kanisa kama wewe anatambika, eti? Au ulishindwa tu kulitamka. Hapo ndipo ninapokosa wa kumuuliza.

Kesho yake nilimchukua Mama Riita namba tatu. Nilitembea mbele, na kijiti chako. Mara zote alikuwa ameviona vitambaa, akidhani ni alama zetu za pembeni, anasifu tunavyovibadilisha. Nilimwonyesha unga. Nilimwambia kila kimoja ni msiba. Nikamwambia habari ya bibi, na neno nililoliandika miaka yote. Alikuwa mwekundu, kisha akawa mweupe. Alinifokea, Mjomba, hajawahi. Alisema, "Miaka yote hii, Paulina! Miaka yote!" Akaondoka kwa hatua kubwa mpaka kwenye visiki vya nje ya ploti, akasimama kule akanipa mgongo muda mrefu. Nilimwacha. Nilikuwa nimekitafuta kitambaa chako nikakiona, ndicho kilichokuwa bado cheupe. Nikakishika. Sikuweza kitu kingine.

Aliporudi alikuwa amelia. Aliuliza, "Cha kwake ni kipi?" Nikamwonyesha. Akavua kofia.

Siku zilizofuata tulipima upya pale nje, kwenye visiki, ploti mpya ya watu wanaotumia kweli. Nilikuwa nataja kisiki kwa kisiki, mninga uliokuwa hapa, mpingo uliokuwa hapa. Hesabu ikatoka tofauti kabisa. Mjini Masasi mkutano ulifanyika, na Mama Riita alisimama mbele ya wenye mihuri akasema alikosea, akaeleza kwa nini. Wafanyabiashara wa mbao waliguna. Vibali vya mteremko wetu vimesimamishwa. Vimesimama tu, havijafa, usije ukasherehekea.

Na karatasi ile imechanwa. Itaandikwa nyingine baada ya kupima miaka mingine, na Mama Riita hana uhakika kama atakuwa na nguvu za kurudi. Jina lako halipo mahali popote, Mjomba. Mimi ndiye niliyeliondoa. Nilikuwa nimeshawaambia watu kanisani kwamba utakuwa kwenye kitabu.

Alhamisi bwana misitu alikuja na fomu mpya za wilaya, kila msitu uandikwe ulipo na mlinzi wake ni nani. Kwa namba tatu akasema acha wazi, hapana mlinzi aliyeajiriwa. Nikamnyang'anya kalamu nikaandika jina lako lote, la ubatizo na la ukoo. Akasoma, akasema, "Dada Paulina, huyu si marehemu?" Nikamwambia ndiyo, ni marehemu, lakini nenda na shoka pale uone kama utaweza kukata. Alichukua kalamu yake. Yeye mwenyewe ni Mmakua wa Masasi, amezika mama yake mwaka huu. Akagonga muhuri.

Basi nakuaga, Mjomba wangu, jua limeingia barazani na mama ananiita nikamsaidie kusimama. Salamu kwa bibi. Mwambie barua ilichelewa kunifikia, sikukataa kuja. Nakuahidi mwakani nitapima namba tatu kwa kijiti chako, na nitaandika unene, na nitaandika na unga.

Mpwa wako,
Paulina